Padri Eckhel, Mjuzi wa Sarafu za Makaisari

Wapenzi wakatekumeni, katika Injili mmesikia ya kuwa Mafarisayo walitaka kumtega Bwana wetu Yezu Kristu kwa habari ya kodi. Naye akaomba aonyeshwe sarafu, akawauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Sarafu za namna ile zingaliko hata leo, kwa maana watu huzifukua katika mashamba na magofu. Basi sikilizeni maisha ya Padri aliyewafundisha wataalamu kuzitambua.

Jina lake ni Joseph Hilarius Eckhel. Alizaliwa tarehe 13 Januari 1737 huko Enzersfeld, katika nchi ya Austria. Baba yake alisimamia mashamba ya bwana mkubwa mmoja. Mtoto alisomeshwa na Mapadri Wayezuiti mjini Vienna, na mwaka 1751, mwenye umri wa miaka 14, akaingia katika Shirika lao. Baadaye akafundisha vijana ufasaha wa lugha, kwanza Steyr, kisha Vienna. Mwaka 1772 alikabidhiwa sarafu za kale za nyumba yao, akasafiri mpaka Italia ili ajifunze zaidi. Huko Florence alipanga sarafu za mtawala wa nchi ile.

Mwaka 1773 likamfikia jaribu kubwa: Papa Klementi XIV aliliondoa Shirika la Wayezuiti. Nyumba aliyoingia tangu ujana wake ikavunjika. Lakini Eckhel hakuiacha kazi yake. Malkia Maria Theresia alimweka kuwa mlinzi wa sarafu za kale za ikulu na mwalimu katika chuo kikuu cha Vienna.

Zamani wengi walizipanga sarafu kwa ukubwa wao, au kwa madini yao: dhahabu mahali pamoja, fedha pengine, shaba pengine. Eckhel aliona ya kuwa utaratibu huo haufundishi kitu. Yeye alizipanga kwa nchi na kwa miji zilikotoka, na zile za Makaisari kwa kufuata miaka yao. Alitazama sura ya mtu, akasoma maandishi ya pembeni herufi kwa herufi, kisha akageuza upande wa pili. Makaisari walipewa upya kila mwaka mamlaka ya kutetea raia, na juu ya sarafu nyingi hesabu yake imeandikwa; hivyo mwaka wenyewe hujulikana. Tena alitenga sarafu za kweli na zile zilizoigwa na wadanganyifu ili wawauzie matajiri.

Wataalamu wengi hudhani ya kuwa sarafu ya Injili ni dinari ya fedha ya Kaisari Tiberio. Juu yake Tiberio anaitwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Kumbe, Kaisari alijivunia baba aliyefanywa mungu na wanadamu, na mbele ya sarafu ile alisimama Mwana wa kweli wa Mungu wa kweli!

Tangu mwaka 1792 Eckhel alitoa kitabu chake kikubwa juu ya elimu ya sarafu za kale, chenye magombo 8. Gombo la mwisho lilitoka mwaka 1798, na mwaka uleule, tarehe 16 Mei, akafa mjini Vienna. Shirika lake lilirudishwa mwaka 1814. Yeye hakuiona siku ile. Lakini wajuzi wa sarafu humwita hata leo baba wa elimu yao.

Ninyi wakatekumeni, shikeni mafundisho haya mawili. Kwanza, kazi njema isiachwe kwa sababu ya jaribu. Pili, sarafu huchakaa mikononi mwa watu hata sura ya Kaisari isionekane tena. Bali ninyi mmeumbwa kwa sura ya Mungu, na Ubatizo mnaoungoja utatia rohoni mwenu alama isiyofutika milele. Jitayarisheni basi kwa uvumilivu, mkijua ninyi ni mali ya nani.