Emmy Noether

Amalie Emmy Noether (Erlangen, Ujerumani, 23 Machi 1882 – Bryn Mawr, Marekani, 14 Aprili 1935) alikuwa mwanahisabati kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kazi zake katika aljebra, na kwa nadharia aliyoitoa mwaka 1918 inayounganisha ulinganifu na kanuni za fizikia kama ile ya hifadhi ya nishati.

Maisha

Alikuwa binti wa profesa wa hisabati Max Noether. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1907, kisha akafanya kazi katika Chuo Kikuu cha Erlangen hadi 1915 bila mshahara. Mwaka huo David Hilbert na Felix Klein walimwita Göttingen. Kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuwa wahadhiri, mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert hadi alipopata kibali mwaka 1919.

Wanafunzi wengi walimzunguka. Mijadala iliyoanzia darasani iliendelea katika matembezi ya miguu. Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ilimwachisha kazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Aliendelea kuwafundisha nyumbani kwake, na hata mmoja aliyefika amevaa sare ya Kinazi hakumfukuza.

Mwaka huohuo alihamia chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Marekani. Alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji, na majivu yake yamezikwa chuoni hapo.