Maisha ya Daktari Sanford Moss, Mtu Aliyeipandisha Injini Mlimani

Katika jarida letu tumezoea kusoma maisha ya washairi, wapigania uhuru na viongozi. Mara hii tumeona heri tuwaletee maisha ya fundi. Wahandisi wa ndege wanalijua jina lake vizuri sana. Na kila dereva wa lori lenye turbo linalopita hapa Kamukuywa likiukata mlima kwenda Kitale amebeba matunda ya kazi yake chini ya boneti, ajue asijue. Fundi huyo ni marehemu Daktari Sanford Alexander Moss.

Moss alizaliwa mwaka wa 1872 katika mji wa San Francisco, Marekani. Hakuanzia darasani moja kwa moja. Alipokuwa na umri wa miaka 16, rika la wengi wetu hapa shuleni, alikuwa mwanagenzi katika karakana ya mitambo ya kushindilia hewa. Hapo ndipo wazo lilipomwingia: je, hewa iliyoshindiliwa ikichanganywa na mafuta na kuwashwa, si itatoa nguvu nyingi kuliko ile iliyotumika kuishindilia? Wazo hilo halikumtoka tena. Alirudi masomoni, akahitimu katika Chuo Kikuu cha California, kisha mwaka wa 1903 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cornell.

Utafiti wake huko Cornell ulikuwa juu ya tabaini ya gesi, yaani gurudumu lenye mapanga linalozungushwa na gesi moto. Alilitengeneza na likazunguka kweli, lakini kulikuwa na tatizo. Nguvu iliyotumika kushindilia hewa ilizidi nguvu iliyopatikana. Ilikuwa sawa na kuuza ng'ombe ili ununue maziwa. Mwaka huo huo aliajiriwa na kampuni ya General Electric mjini Lynn, jimbo la Massachusetts, akaendelea kujaribu. Kufikia mwaka wa 1907 kampuni iliona mtambo unakula mafuta mengi mno, kazi hiyo ikawekwa kando. Mwingine angekata tamaa na kwenda zake. Moss alibaki, akashughulikia vipulizo vya hewa vya viwandani. Mvumilivu hula mbivu, wahenga walinena.

Vita Vikuu vya Kwanza vikaja, vikaleta tatizo jipya. Ndege zilipopanda juu sana zilichoka. Kwa nini zichoke? Sisi wa huku tunaweza kuelewa upesi. Injini haili petroli peke yake, inakula hewa pia, na kadiri unavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Mji wa Kitale uko kama mita 1,900 juu ya bahari, na msongo wa hewa hapo ni karibu asilimia 80 tu ya ule wa Mombasa. Kwa hiyo injini isiyo na turbo iliyokuwa na nguvu ikitoka Mombasa hufika Kitale ikiwa imepoteza karibu moja kwa tano ya nguvu zake, hata kama makanika hajaigusa. Ndege nazo zilikuwa zikipanda juu zaidi ya hapo mara kadhaa.

Mwaka wa 1917, Profesa William Durand, aliyekuwa kiongozi wa kamati ya serikali ya Marekani ya mambo ya ndege, alikumbuka kwamba huko Cornell palikuwa na kijana aliyeshughulikia magurudumu ya gesi moto. Akaiandikia General Electric, na kazi ikamwangukia Moss. Dawa ilikuwa hii: moshi moto unaotoka kwenye ekzosi, ambao kwa kawaida hupotea bure, uzungushe gurudumu. Gurudumu hilo liunganishwe kwa fito na gurudumu la pili, nalo la pili lisukume hewa nyingi kuingia katika injini. Hiyo ndiyo turbo. Ikumbukwe kwamba Moss hakuwa wa kwanza kuiwaza. Mswisi Alfred Büchi alikuwa ameandikisha hataza yake mwaka wa 1905, na Mfaransa Auguste Rateau alikuwa akiitengeneza kwa ajili ya ndege wakati huo huo wa vita. Sifa kuu ya Moss ni namna alivyoipima.

Hebu sikilizeni alivyofanya. Mwaka wa 1918 yeye na wenzake walichukua injini ya ndege iitwayo Liberty, yenye silinda 12, wakaifunga juu ya lori pamoja na dainamomita. Dainamomita ni mizani ya injini: huizuia isizunguke ovyo na kupima inavyosukuma. Kama lori zinavyopimwa uzito pale mizani ya Webuye, injini nayo hupimwa nguvu. Kisha wakalipandisha lori hadi kilele cha Pikes Peak, katika jimbo la Colorado. Kilele hicho kina urefu wa kama mita 4,300. Ukitaka kukiwaza, inua macho uutazame Mlima Elgon, ambao kilele chake ni mita 4,321. Ni kama kuibeba injini kutoka Kamukuywa hadi juu kabisa ya Elgon, katika barabara ya vumbi na baridi kali, ili tu kujua ukweli.

Na ukweli ukajulikana. Huko chini injini ilikuwa imetoa kiasi cha nguvu za farasi 350. Kule kileleni, bila turbo, ilitoa 230 tu. Farasi 120 walikuwa wamepotelea mlimani! Turbo ilipofungwa, injini ile ile, mahali pale pale, ikatoa 356. Mlima ulichokuwa umepokonya, turbo ilikirudisha.

Vita viliisha Novemba mwaka huo kabla turbo haijatumika vitani. Hata hivyo majaribio hayakukoma. Mnamo Februari 1920 rubani Meja Rudolph Schroeder aliruka kwa ndege yenye turbo ya Moss hadi zaidi ya futi 33,000, karibu kilomita 10 juu, ambako hata Kilimanjaro kungeonekana kifupi. Oksijeni yake ilimwishia akazirai, ndege ikaporomoka kilomita nyingi kabla hajazinduka na kutua salama. Injini ilikuwa imepata hewa, lakini mtu aliikosa.

Moss alistaafu mwaka wa 1938. Lakini Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia aliitwa tena kazini, na turbo za General Electric zikafungwa katika ndege nyingi za Marekani, kama vile B-17 na P-47. Tuzo ya Collier ya mwaka wa 1940 ilitolewa kwa ajili ya kazi hiyo. Isitoshe, serikali ilipotaka injini ya kwanza ya jeti kutengenezwa Marekani, iliichagua General Electric kwa sababu ya ujuzi wake wa turbo, na mwaka wa 1942 ndege iliruka kwa injini hizo. Ndoto ile ya mwanagenzi wa miaka 16 ilitimia mwenyewe akiwa hai. Alifariki Novemba 1946, akiwa na umri wa miaka 74.

Baada yake turbo ilishuka kutoka angani ikaingia barabarani. Magari madogo ya kwanza yenye turbo yaliuzwa Marekani mwaka wa 1962. Hapa Kenya tuliiona ikivuma katika mashindano ya Safari Rally, Toyota Celica yenye turbo ilipotwaa ushindi mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986.

Sasa ndugu zangu, maisha haya yanatufunza nini? Siku hizi vijana wengi hununua turbo za kuongezea wenyewe, na kila muuzaji huapa kwamba yake inaongeza farasi wengi kuliko ya jirani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukitaka kulinganisha turbo mbili, mwulize muuzaji maswali ya Moss: Ni injini ile ile? Ni mafuta yale yale? Ni mahali pale pale? Ilipimwa kabla na baada? La sivyo ni kama kununua mahindi sokoni kwa gorogoro mbili, moja nzima na nyingine iliyobonyezwa kitako.

Jihadharini pia na karatasi za vipimo. Mashine nyingi za leo huongeza hesabu ili matokeo yafanane na ya pwani. Hesabu hiyo ni haki kwa injini isiyo na turbo. Lakini turbo imekwisha kurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyopungua, kwa hiyo ukiongeza tena unahesabu faida mara mbili. Hao ni farasi wa karatasi, hawavuti gari. Na farasi wa kweli wakizidi kiasi, injini ambayo haikuundwa kuwabeba huweza kupasuka, na breki za zamani hushindwa kuwazuia pale mteremko unapoanza. Kijana hupoteza pesa, na pengine uhai.

Daktari Moss angeweza kukaa ofisini Lynn akaisifu turbo yake kwa maneno. Badala yake aliifunga juu ya lori na kupanda nayo mlimani, hata kama mlima ungemwaibisha. Mungu ailaze roho yake pema.