Auer von Welsbach: Mkemia aliyewasha karabai za wavuvi wa Karema

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

WAVUVI wa dagaa wa Karema na Ikola, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, kwa miaka mingi waliingia ziwani usiku wa giza wakitegemea karabai. Mwanga mkali wa taa hiyo, uliowavuta dagaa hadi nyavuni, ulitoka katika kifuko chepesi kama utando kilichoning'inia ndani ya kioo. Aliyekibuni ni Carl Auer von Welsbach, mkemia wa Austria.

Alizaliwa Vienna Septemba 1, 1858, baba yake akiwa mkurugenzi wa kiwanda cha uchapaji cha dola. Alisoma Vienna, kisha Heidelberg nchini Ujerumani chini ya Robert Bunsen, bingwa wa kutambua elementi kwa rangi za mwanga wake. Huko ndiko alikoyazoea madini adimu, kundi la metali zinazofanana tabia kiasi cha kuwachosha wakemia wa zama zile.

Mmojawapo, didimiamu, ilidhaniwa kwa zaidi ya miaka 40 kuwa elementi moja. Auer aliyeyusha chumvi zake, akaziacha zigande kuwa fuwele, akaziyeyusha tena na tena, hadi mwaka 1885 zikajitenga: za kijani na za waridi. Ya kwanza akaiita praseodimiamu, ya pili neodimiamu.

Mwaka huohuo alipata hataza ya kifuko cha taa. Kitambaa cha pamba kililowekwa katika chumvi za magnesiamu, lanthanamu na itriamu. Pamba ikiungua, hubaki utando wa oksaidi unaong'aa ndani ya mwali wa gesi. Lakini mwanga wake ulikuwa wa kijani, na kifuko kilivunjika kwa kuguswa tu. Wateja walimkimbia, kiwanda kikafungwa mwaka 1889. Wengi wangeishia hapo. Yeye alirudi mwaka 1891 na mchanganyiko mwingine, thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia moja, nao ndio ulioenea duniani. (Thoriamu ina mionzi, ndiyo maana baadaye watengenezaji wengi waliiacha.)

Thoriamu hiyo ilitolewa katika mchanga wa monazaiti, ikaacha malundo ya seriamu na ndugu zake zisizotakiwa na mtu. Mwaka 1903 Auer alizichanganya na chuma, akapata aloi inayotoa cheche ikikwaruzwa. Ndilo lile jiwe dogo la kiberiti cha gesi, ambalo kwa maoni yetu limepita katika mikono mingi kuliko kazi zake nyingine zote.

Thamani kubwa ya neodimiamu hakuiona. Alifariki dunia Agosti 4, 1929, katika kasri lake huko Carinthia, kusini mwa Austria. Ilikuwa miaka ya 1980 wataalamu wa Japani na Marekani walipoiunganisha na chuma na boroni. Katika fuwele ya kiwanja hicho, chuma hutoa sehemu kubwa ya nguvu ya sumaku, na atomi za neodimiamu huishikilia ielekee mhimili mmoja, isigeuzwe kwa urahisi. Sumaku hizo zimo katika spika za simu, injini za magari ya umeme na mitambo ya upepo.

Neodimiamu na praseodimiamu, pacha wale wa mwaka 1885, ndizo zinazolengwa katika mradi wa Ngualla, mkoani Songwe, uliopewa na Serikali leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023.