Dk. Solomon Carter Fuller: kijana wa Monrovia katika maabara ya Alzheimer

Ukitaja ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee asahau hata majina ya wanawe, wengi tunamkumbuka yule daktari wa Kijerumani mwenye jina lake. Kumbe maabara yake kule Munich ilipitiwa pia na Mwafrika. Toleo hili tumzungumzie huyo.

Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, tarehe 11 Agosti 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Virginia, akajinunulia uhuru, kisha akahamia Liberia. Mwaka 1889, akiwa na miaka 17 tu, Solomon alivuka bahari kwenda kusoma Marekani (na sisi tunaolalamika kuhusu saa nane za ndege!). Alisoma Livingstone College, North Carolina, na mwaka 1897 akapata udaktari Boston University. Akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough, Massachusetts, akawa anachunguza maiti kutafuta kilichoharibika.

Mwaka 1904 akaenda Ujerumani, na Alois Alzheimer mwenyewe akamchukua kuwa mmoja wa wasaidizi wake wachache kutoka nje. Huko walikuwa wakikata ubongo vipande vyembamba, wanavitia rangi, wanavitazama kwa hadubini. Ujuzi huo alirudi nao Westborough.

Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba mzee akipotewa na akili, sababu ni mishipa ya damu kukakamaa. Fuller akatia shaka. Mwaka 1911 aliandika kuhusu vibonge vidogo vinavyoonekana kwenye bongo za wazee, na mwaka 1912 akakusanya kesi zote za ugonjwa huu zilizokuwa zimechapishwa, akaongeza ya mgonjwa wake. Alichokiona ni kwamba vibonge vinaweza kuwepo hata pale ambapo mishipa haijakakamaa. Kwa daktari mweusi wa wakati ule, kupingana na wakubwa haikuwa kazi ndogo.

Na maisha hayakumbembeleza. Mwaka 1909 alimwoa Meta Warrick, mchonga sanamu hodari, lakini walipojenga Framingham majirani wakazunguka kukusanya saini ili wasihamie. Chuoni, kuanzia 1928, aliendesha idara ya magonjwa ya neva kwa miaka mitano hivi bila kupewa cheo wala mshahara wa mkuu. Mwaka 1933 cheo kikaenda kwa mzungu aliyekuwa chini yake. Fuller akaondoka.

Baadaye kisukari kikamnyang'anya macho. Hata hivyo aliendelea kupokea wagonjwa mpaka alipofariki tarehe 16 Januari 1953.

Hapo mimi, mtu wa mitambo, huwa nasimama kidogo. Kisukari huharibu mishipa midogo ya macho, na huharibu midogo ya ubongo vilevile. Fuller aliweza kuiona mishipa ya ubongo kwa wafu tu. Sisi leo tunamlaza mtu aliye hai ndani ya MRI: mishipa midogo ikichoka, ubongo unaonyesha mabaka meupe, ikivuja damu kidogo, tunaona vidoa vyeusi. Kuna hata namna ya kutia alama maji yaliyomo kwenye damu pale shingoni kwa mawimbi ya redio, halafu kupima yanavyofika ubongoni, bila sindano yoyote.

Na utafiti wa leo unasema nini? Kwamba Fuller alikuwa sahihi, vibonge si mtoto wa mishipa iliyokakamaa, ila wazee wengi wana yote mawili kwa pamoja, na mishipa mibovu huharakisha kusahau. Ndiyo maana hata dawa mpya ya kuondoa vibonge, lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, haitolewi kabla ya MRI. Mgonjwa mwenye vidoa vingi vya damu ananyimwa, na anayepewa hurudishwa kwenye mashine mara kadhaa, kuangalia kama mishipa imeanza kuvuja.