Shakespeare, Mwandishi Aliyewatetea Wageni

Jina la William Shakespeare wengi wetu tulilisikia shuleni. Hayati Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Je, mtu huyu alikuwa nani?

Alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 katika kanisa la Stratford-upon-Avon, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa glavu za ngozi. William alipokuwa na miaka 18 alimwoa Anne Hathaway, wakajaliwa Susanna, kisha mapacha Hamnet na Judith. Baadaye aliiacha familia nyumbani akaenda London, akawa mwigizaji na mwandishi. Tauni ilipofunga kumbi za michezo, alitunga mashairi mawili marefu, yakachapishwa mwaka 1593 na 1594. Mwaka 1596 msiba ukaingia nyumbani: Hamnet alifariki akiwa na miaka 11 tu. Baba aliendelea kuandika. Hamlet, Othello na Mfalme Lear zilikuja baada ya hapo.

Karibu mwaka 1604 alipanga chumba London kwa familia ya Mountjoy, Waprotestanti kutoka Ufaransa. Wengi wa Waprotestanti hao walikimbilia Uingereza kwa sababu ya mateso ya dini. Mama mwenye nyumba alimwomba Shakespeare amshawishi kijana fundi amwoe binti yao, naye akakubali kuwa mshenga. Mwaka 1612 baba mkwe na mkwe waligombana juu ya mali iliyoahidiwa, na mpangaji akaitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Kuna pia tamthilia iitwayo Sir Thomas More, iliyoandikwa na watu kadhaa. Wataalamu wengi wanaamini kurasa tatu za mswada wake ni mwandiko wa Shakespeare mwenyewe. Humo wenyeji wa London wanataka kuwafukuza wageni. More anawauliza: nanyi mkifukuzwa kwenu, mtakwenda nchi gani, na mngependa kupokewa namna gani? Umati unatulia.

Shakespeare alifariki tarehe 23 Aprili 1616, akazikwa katika kanisa lile lile alilobatizwa. Mwaka 1623 waigizaji wenzake wawili walikusanya tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja. Zile kurasa za kuwatetea wageni hazikuwemo. Zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1844, na swali lake bado linamngoja kila mwenyeji.