Askofu Edward Steere na Mifano ya Biblia

Kila Jumapili twasikia masomo ya Biblia kwa Kiswahili katika makanisa yetu ya Handeni na Korogwe. Wengi wetu hatumkumbuki tena mmoja wa watu waliotangulia kuifanya kazi hiyo. Basi, yafaa tumkumbuke.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa padre. Mwaka 1863 alifuatana na Askofu Tozer mpaka nchi ya Nyasa, na mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja. Huko Sultani aliwapa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi na Steere mwenyewe mwaka 1879.

Tangu siku za kwanza Steere alijifunza lugha kwa kuwasikiliza watu. Alikusanya hadithi na vitendawili vya Unguja, akavichapisha mwaka 1870, pamoja na kitabu cha kujifunzia Kiswahili. Kazi hii haikuwa mchezo. Asiyejua jinsi watu wanavyosema kwa mafumbo, atawezaje kuwafasiria mafumbo ya Manabii na mifano ya Bwana wetu?

Sheikh mmoja mwenye elimu, Abdulaziz, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa, lakini kilikuwa cha wanachuoni mno kwa kusudi la misheni. Kazi ile ikaishia katika Zaburi. Steere alitaka Neno la Mungu lieleweke na mtumwa aliyekombolewa na mvuvi, si na wenye elimu peke yao.

Ugumu wa kazi hiyo twaweza kuuona sisi wenyewe. Zaburi ya 51 yataja weupe wa theluji, kitu ambacho mkulima wa Handeni hakioni shambani mwake. Wafasiri wamelitumia neno lenye asili ya Kiarabu, na kazi ya kulieleza wamewaachia wahubiri. Tena, kwa Wayahudi mkate ulikuwa ndio chakula chenyewe, kama ugali ulivyo kwetu. Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, katika Sala ya Bwana imeandika riziki. Katika Yohana sura ya 6 imeandika chakula. Lakini katika habari ya Karamu ya mwisho mkate umebaki kuwa mkate.

Je, wafasiri walifanya vema? Neno riziki latufikisha kwenye maana upesi, maana tunajua riziki hutoka kwa Mungu. Lakini katika Yohana tumepoteza kitu: msikiaji hakumbuki mara moja mkate anaoupokea madhabahuni. Hapo hapana budi padre au katekista aunganishe mambo hayo mawili. Kila mfasiri hupata na hupoteza, na Steere aliyajua hayo kabla yetu.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mahali pale pakajengwa Kanisa Kuu, Steere akisimamia ujenzi. Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa Askofu. Mwaka 1875 alifika Magila kuianza upya kazi iliyokuwa imelegea, na kutoka Magila Injili ilienea mpaka Korogwe na Uzigua. Kwa hiyo sisi nasi tu matunda ya safari ile.

Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, naye amezikwa nyuma ya altare ya kanisa lile alilolijenga. Agano Jipya alikuwa amekwisha kulitafsiri. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891, baada ya wenzake kuimaliza kazi.

Ndugu zetu makatekista na wasomaji, kazi ya Steere haijakwisha. Kila mnapomweleza bibi kizee kwa Kizigua, Kisambaa au Kibondei maana ya theluji au ya mkate, ninyi nanyi ni wafasiri. Msione haya kutafuta mfano wa shambani au wa jikoni. Lakini kwanza fanyeni kama yeye: kaeni na watu, mwasikilize wasemavyo.

Mungu ampe raha ya milele mtumishi wake Edward, na atujalie sisi masikio ya kusikia. Amina.