Robert Koch

Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mwanabakteriolojia kutoka nchi ya Ujerumani. Aligundua bakteria ya kifua kikuu na mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Katika historia ya Afrika ya Mashariki anajulikana pia kwa utafiti wake kuhusu tauni na malale katika eneo la Bukoba na Ziwa Viktoria.

Maisha na kazi

Koch alikuwa mtoto wa mhandisi wa migodi. Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Göttingen akahitimu mwaka 1866. Akiwa daktari wa wilaya mjini Wöllstein (leo Wolsztyn, Poland), alionyesha mwaka 1876 kwamba kimeta husababishwa na bakteria.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua bakteria ya kifua kikuu. Bakteria hiyo ilikuwa vigumu kuonekana kwa hadubini, kwa sababu ganda lake lenye nta huzuia rangi nyingi kuingia. Koch alifaulu kuipaka rangi ya buluu na kuitofautisha na tishu zilizoizunguka. Siku hii sasa ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya ugonjwa huo. Haikuponya, ila baadaye ilifaa kama kipimo.

Koch na Kagera

Mwaka 1898, akiwa katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, Koch alieleza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko Kiziba, kaskazini ya Bukoba, ni tauni. Kiziba ilikuwa mojawapo ya falme za Wahaya, kama Ihangiro iliyopo katika Wilaya ya Muleba ya leo. Wenyeji walikuwa tayari wanajua kwamba panya wakianza kufa ni lazima kuhama nyumba.

Mwaka 1906 alirudi kuchunguza malale, akaweka kituo kwenye visiwa vya Sese nchini Uganda. Mwaka 1907 aliona kwamba wagonjwa wa Kiziba walikuwa wameambukizwa Uganda walikokwenda kufanya kazi. Kambi ya matibabu ilifunguliwa Kigarama, katika Kiziba.

Dawa iliyotumika ilikuwa atoksili, yenye aseniki. Mwanzoni wagonjwa wengi walipata nafuu, lakini ugonjwa ulirudi. Koch aliongeza dozi, na huko Sese wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka macho. Kwa sababu hiyo jina lake linatajwa pia katika mijadala kuhusu majaribio ya tiba kwa watu wa makoloni.

Urithi: kuzima floresensi

Kazi ya kuifanya bakteria ya kifua kikuu ionekane iliendelea baada ya kifo chake. Njia muhimu hutumia floresensi, yaani hali ya kitu kupokea mwanga wa rangi moja na papo hapo kutoa mwanga wa rangi nyingine. Makohozi hupakwa auramini, rangi inayoshikamana na ganda la bakteria. Kisha huoshwa kwa asidi na alkoholi, na kuwekwa pamanganeti ya potasiamu. Kemikali hii huzima mwanga wa vitu vingine, na bakteria huonekana kuwa vijiti vinavyong'aa gizani.

Kuzima floresensi kunaweza kutokea kwa njia kadhaa. Molekuli inayozima inaweza kugongana na ile inayong'aa, kuungana nayo kabla haijapokea mwanga, au kupokea nishati yake kutoka umbali mdogo sana na kuigeuza joto.

Kipimo cha Xpert, kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutumia jambo hilo. Ndani yake kuna vipande vya DNA vilivyokunjwa, vyenye rangi inayong'aa upande mmoja na kizimio upande wa pili. Kipande kikikutana na jeni la bakteria hukunjuka, kizimio hukaa mbali, na mwanga hutokea. Jeni likiwa limebadilika, kipande kimoja au zaidi hushindwa kushika, na hivyo usugu dhidi ya dawa ya rifampisini hutambuliwa katika muda wa saa 2 hivi.

Vipimo vya PCR vya virusi kwa kawaida hutumia kanuni hiyohiyo. Machi 2023 kipimo cha PCR kilithibitisha virusi vya Marburg katika Wilaya ya Bukoba, miaka 125 baada ya Koch kutaja tauni ya Kiziba.